Amemtua Mama Ndoo Kichwani, Nani Atamtua Yeye Mzigo?

Adabu za kumtandika punda, na amana tuliyoibebesha mgongo wake

Kila Ijumaa, katika misikiti mingi ya vijiji na miji midogo ya Shinyanga na Geita, hutokea jambo ambalo tumelizoea mno kiasi cha kutoliona. Muumini anafika na punda wake, anamfunga kwenye mti au kwenye nguzo ya uzio, anatawadha na kuingia ndani. Hotuba inasomwa, sala inasaliwa, sunna zinafuata, kisha watu wanapeana mikono na kuulizana habari za nyumbani. Muda wote huo punda amesimama juani na madumu yamejaa maji mgongoni, au na nira ya mkokoteni shingoni.

Sahaba Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba wao walipotua mahali safarini walikuwa hawaanzi kusali sunna mpaka kwanza wawe wamewafungua wanyama mizigo na matandiko. Tuizingatie habari hiyo. Hawa ndio watu waliokuwa na pupa ya ibada kuliko sisi, na jua la Bara Arabu si dogo kuliko la Kishapu. Hata hivyo, waliona kwamba mnyama aliyechoka ana haki inayotangulia rakaa zao za sunna.

Katika makala hii tunakusudia kulizungumzia tandiko: namna linavyotengenezwa, linavyowekwa, linavyofungwa na linavyoondolewa. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba hilo ni jambo la wafugaji na wachukuzi tu, lisilostahili kurasa za gazeti la dini. Sisi tunaona kinyume chake. Uchamungu wa mtu huonekana kwa wepesi zaidi pale anapomtumia kiumbe asiyeweza kumshitaki kwa mwenyekiti wa kijiji.

Punda katika Qur'ani na katika mwendo wa Mtume (s.a.w.)

Katika Surat An-Nahl, kuanzia aya ya 5 hadi ya 8, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya wanyama. Anataja kwamba wanabeba mizigo yetu hadi nchi ambazo tusingezifikia ila kwa mashaka ya nafsi, kisha anawataja kwa majina farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo. Nyumbu anayetajwa hapo ni yule wa kufugwa, mtoto wa punda na farasi, wala si nyumbu wa Serengeti. Punda, basi, ametajwa miongoni mwa neema, na neema huulizwa Siku ya Kiyama.

Mtume wetu (s.a.w.) alipanda punda. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Muadh bin Jabal (r.a.) alikuwa amepakiwa nyuma yake juu ya punda aliyeitwa Ufair, na hapo ndipo alipofundishwa haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja na haki ya waja kwa Mwenyezi Mungu. Moja kati ya darasa kubwa za tauhidi lilitolewa juu ya mgongo wa punda, na punda mwenyewe alikuwa na jina. Wangapi kati yetu wamempa punda wao jina?

Tena Mtume (s.a.w.) alipopita karibu na punda aliyechomwa alama usoni, alimlaani aliyefanya hivyo, kama alivyopokea Muslim. Katika vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, aliharamisha nyama ya punda wa kufugwa. Faida yetu kwa punda ni nguvu zake tu. Ng'ombe akivunjika mguu, mwenyewe anachinja na kula. Punda akivunjika mgongo, kwa Muislamu hakuna kilichobaki. Akili peke yake ingetosha kutufanya tuutunze mgongo huo, hata kabla ya kuhimizwa na dini.

Farasi wetu ni punda

Vitabu vingi vinavyofundisha kutandika mnyama vimeandikwa kwa ajili ya farasi. Mikoa yetu haina farasi wa kuhesabika. Maradhi ya farasi na mbung'o viliwazuia tangu zamani kuenea katika nchi zetu. Punda ndiye aliyestahimili. Nchi nzima ya Tanzania ina punda zaidi ya laki sita, na ukanda huu wa Usukumani ni miongoni mwa sehemu wanakotegemewa sana. Katika vijiji vya Kishapu na Shinyanga Vijijini hubeba maji, kuni, mpunga na magunia ya pamba. Ukielekea Kahama na Geita, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, hubeba maji, chakula, magogo ya kuzuilia kuta za mashimo, na viroba vya mawe.

Serikali ina kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na miradi ya maji ya Ziwa Viktoria imefika Shinyanga na Kahama. Alhamdulillahi. Lakini mahali ambapo bomba halijafika, aliyemtua mama ndoo kichwani ni punda, tena amemtua tangu enzi za bibi zetu.

Miaka michache iliyopita nusura tumkose. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa nchini China kupata gundi ya kutengenezea dawa za kienyeji za huko, ilifika hadi kwetu. Machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na hapa Shinyanga. Punda walinunuliwa kwa wingi, wengine wakaibwa usiku zizini. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kuusimamisha barani kote kwa miaka 15. Sheria imemwokoa punda na kisu. Kumwokoa na kamba ya manila inayomkata ubavuni ni kazi yetu wenyewe.

Kidonda huanzia wapi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Ili tusiwe hivyo kwa punda, tuanze kwa kuujua mgongo wake.

Katikati ya mgongo wa punda, kuanzia kwenye kilele cha mabega hadi nyongani, umepita uti wa mgongo. Juu ya mifupa hiyo hakuna nyama ya maana. Kuna ngozi tu. Mzigo ukikaa juu ya uti, ngozi hubanwa kati ya mfupa na mzigo, damu haipiti, na nyama hufa polepole kabla hata ngozi haijachubuka. Mwenye punda huja kuona kidonda siku ya tatu na kudhani kimeanza jana. Pembeni mwa uti, kulia na kushoto, ndiko kuliko na nyama na mbavu zinazoweza kustahimili. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kila tandiko duniani, la farasi, la ngamia au la punda, ni moja: uzito ukae pande mbili, na uti wa mgongo ubaki huru.

Sehemu nyingine za hatari ni nne: kilele cha mabega, nyuma ya kwapa pale mshipi wa tumbo unapopita, kifuani, na chini ya mkia. Atakaye kujua historia ya punda aangalie mahali hapo. Vidoa vya manyoya meupe kwenye punda wa kijivu, mara nyingi, ni makovu ya matandiko yaliyopita. Manyoya yaliyoota upya juu ya ngozi iliyoumia hupoteza rangi.

Punda huficha maumivu. Hapigi kelele kama mbwa, wala halali chini kama ng'ombe. Huendelea kutembea na huinamisha kichwa. Ndiyo maana watu husema ni mkaidi. Ipo pia methali isemayo kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hiyo inafundisha juu ya watu wasio na shukrani, na inafaa kwa jambo hilo. Zizini, hata hivyo, punda anayerusha teke au kugeuka kutaka kuuma pale anapofungwa mshipi, aghalabu anaonyesha mahali panapouma. Kabla ya kuinua fimbo, mwenye busara hufunua tandiko na kutazama.

Namna ya kumtandika

Tandiko jema halihitaji fedha nyingi. Watu wa pwani wana shogi, yaani mifuko miwili iliyounganishwa na kuning'inia pande mbili za punda. Huku kwetu tunaweza kulifikia lengo lilelile kwa vitu vilivyopo. Shona mito miwili mirefu ya kitambaa cha pamba au blanketi kuukuu, uijaze majani makavu ya mpunga hadi iwe minene na imara. Iunganishe kwa vipande vya mkanda ili mmoja ukae kulia na mwingine kushoto, na katikati yao ubaki mfereji wenye upana wa vidole vinne hivi. Uti wa mgongo upite ndani ya mfereji huo bila kuguswa. Mkono wako uweze kupenya ndani ya mfereji kutoka mbele hadi nyuma hata baada ya mzigo kupakiwa. Ukikwama, mito ni myembamba, iongeze.

Mishipi iwe ya pamba au ya ngozi iliyolainishwa, yenye upana wa vidole vinne. Kamba ya manila, waya, na vipande vya mipira ya magurudumu havifai kugusa ngozi ya punda. Manila hukata, mpira hufukuta jasho na kuchubua. Asiye na chochote ila kamba hiyo, basi aizungushie kitambaa laini kila mahali inapogusa mwili.

Kazi yenyewe ifuate mpango huu.

Kwanza, pitisha kiganja mgongoni, ubavuni, kifuani na chini ya tumbo. Kiganja huona zaidi ya jicho. Unatafuta miiba, matope yaliyokauka, uvimbe, joto lisilo la kawaida, au mahali ambapo punda anasinyaa ukipagusa. Inua pia kwato moja moja na utoe mawe. Ukikuta kidonda mahali pa tandiko, kazi ya leo imekwisha.

Pili, kung'uta tandiko. Unyasi mmoja mgumu au bonge la jasho lililokauka linatosha kutoboa ngozi kwa mwendo wa saa mbili.

Tatu, liweke tandiko mbele kidogo ya mahali pake, kisha livute nyuma mpaka likae nyuma ya mabega. Ukifanya hivyo manyoya hulala upande wake. Usilisukume kwenda mbele, maana manyoya hukunjika na kuwasha. Likikaa juu ya mabega, miguu ya mbele haitakuwa na nafasi.

Nne, funga mshipi wa tumbo, upana wa kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Kipimo ni vidole viwili vilivyolala kati ya mshipi na mwili. Visipopita, umembana pumzi. Vikipita na kubaki nafasi, tandiko litazunguka na mzigo utaanguka ubavuni. Kisha mtembeze hatua ishirini na upime tena, kwa sababu punda wengi hujaza pumzi wanapofungwa na mshipi hulegea wanapotoa.

Tano, ongeza mshipi wa kifua unaozuia tandiko lisirudi nyuma kwenye kilima, na mshipi wa mapajani unaozuia lisiende mbele kwenye mteremko. Wengi wetu tumezoea kupitisha kamba chini ya mkia. Kamba hiyo hukata ngozi laini sana na kuleta kidonda ambacho inzi hawakiachi. Mkanda mpana unaozunguka mapaja kwa nyuma, chini kidogo ya matako, hufanya kazi hiyohiyo bila dhara.

Sita, pakieni watu wawili, mmoja kila upande, kwa wakati mmoja. Ukiwa peke yako, tegemeza upande uliotangulia kwa mti wenye panda. Mizigo ya pande mbili ilingane. Mkishamaliza, mwenye kumpanda au kumswaga aseme Bismillahi, na anayepanda asome dua ya kipando inayotokana na aya ya 13 na ya 14 za Surat Az-Zukhruf. Maana ya dua hiyo ni kukiri kwamba tusingeweza kumtiisha mnyama huyu kwa uwezo wetu wenyewe, na kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Anayeisoma kwa kuielewa hawezi kuishika fimbo kwa kiburi.

Hesabu ya madumu

Punda wa kwetu aghalabu ana uzito wa kilo 120 hadi 160. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50 hivi. Dumu moja la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu mawili, moja kila upande, ni kilo 40; huo ni mzigo wa haki. Madumu manne ni kilo 80, ambazo ni zaidi ya nusu ya punda mwenyewe. Kwa watu ni kama mtu wa kilo 70 kubebeshwa zaidi ya kilo 35 kila asubuhi na kila jioni, tena kwa tandiko ambalo hakulichagua.

Kwenye machimbo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kiroba cha mawe hudanganya jicho. Kiroba kilichojaa pumba na kiroba kilichojaa mawe vina umbo moja, lakini mawe yana uzito mara kadhaa. Mawe, tena, yana ncha zinazochoma kupitia kiroba. Asiye na mizani na aanze kwa kujaza nusu, na aweke ubao au gunia lililokunjwa kati ya mawe na tandiko.

Imesimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kati ya mwaka 99 na 101 Hijria, alipata habari kwamba ngamia wa Misri wanabebeshwa ratili 1,000. Alimwandikia gavana wake kuamuru zisizidi 600. Tuyapime mambo mawili hapo. Mtawala wa dola iliyoanzia Andalusia na kufika mipaka ya Sindi alipata nafasi ya kushughulikia mgongo wa ngamia. Tena hakuishia kusema wahurumieni, alitaja kiasi. Huruma isiyo na kipimo husahaulika siku ya soko. Imam al-Mawardi naye, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alipoeleza kazi za muhtasibu, alitaja kuwazuia wenye wanyama wasiwatwishe wasichokiweza.

Nira ni ya ng'ombe

Sisi watu wa Usukumani tumekulia kwenye plau na maksai, na nira ya mti tunaijua vizuri. Kosa linaanza pale tunapoichukua nira ileile na kuiweka shingoni kwa punda. Ng'ombe ana shingo fupi, pana, yenye nyama nene na nundu inayoizuia nira. Yeye husukuma kwa shingo na mabega. Punda hana kitu hicho. Shingo yake ni nyembamba, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani. Nira hukaa juu ya mifupa ya shingo, humkaba koo, na baada ya majuma machache huacha kidonda kisichopona kwa kuwa kila siku kinakandamizwa upya.

Punda wa mkokoteni anahitaji mkanda mpana wa kifua, wenye upana wa kiganja, uliojazwa kitu laini na kukaa chini ya koo lakini juu ya maungio ya mabega. Hapo ataivuta gari bila kukabwa. Mikono ya mkokoteni ibebwe na tandiko dogo mgongoni, lile lile lenye mfereji katikati. Mzigo juu ya magurudumu mawili upangwe ili usiegemee mbele wala nyuma. Ukielemea mbele unamkandamiza mgongo, ukielemea nyuma mshipi wa tumbo unamwinua. Ishara ya mzigo uliopangwa vizuri ni kwamba mtu mmoja anaweza kuinua mikono ya mkokoteni kwa mkono mmoja kabla ya kumfunga punda.

Fundi seremala au fundi viatu yeyote wa mtaani anaweza kutengeneza mkanda huo akielekezwa. Lamu, mji wa ndugu zetu Waislamu wa pwani ya Kenya, ambako punda ndiye gari la mitaa myembamba, kumekuwa na zahanati ya punda tangu mwaka 1987. Sisi hatuna zahanati hiyo, lakini tunao mafundi.

Aliyekodi na aliyekodisha

Hapa ndipo kamati ya msikiti huingizwa katika mambo ya matandiko hata kama haikutaka. Mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, ambaye punda wake ndiye anayemlisha yeye na wajukuu, alimkodisha kwa vijana wawili waliokuwa wakihamisha mawe kwenye mgodi mdogo. Walikubaliana siku mbili, viroba viwili kwa safari. Punda alirudi siku ya nne akiwa na jeraha mgongoni, ukubwa wa kiganja. Vijana walisema walimlipa kodi yake yote, na kwamba punda ni punda, vidonda ni kawaida yake.

Wanazuoni wa fiqhi wamelieleza jambo hili kwa ufasaha katika milango ya ijara. Mnyama aliyekodiwa ni amana mikononi mwa mkodishwaji. Akidhurika bila uzembe wala kupindukia, hakuna dhamana. Mkodishwaji akizidisha mzigo au muda kuliko walivyoafikiana, hapo amevuka mpaka na dhara linamwangukia yeye. Vijana wale, walipoulizwa kwa upole mbele ya wazee, walikiri kwamba viroba vilikuwa vitatu, na siku zilizidi. Suluhu ikawa kwamba watamchotea mama maji kwa baiskeli kila asubuhi mpaka kidonda kipone, na watanunua dawa. Ilichukua majuma sita. Mmoja wao alituambia baadaye kwamba siku alizosukuma baiskeli yenye madumu manne kwenye mchanga ndizo zilizomfundisha kuhesabu.

Tunapendekeza kwa kila anayekodisha punda aandike, au aseme mbele ya shahidi, mambo manne: siku ngapi, mzigo gani, kiasi gani, na tandiko la nani litatumika. Mwenye punda asimtoe mnyama wake bila tandiko na kuacha aliyekodi atafute kamba yake. Wala asidhani kwamba akishapokea kodi amevua jukumu. Imam Izzuddin bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya wanadamu, alitaja kuwalisha na kuwahudumia hata wakizeeka na kuugua wasiwe na faida tena, na kutowatwisha wasiyoyaweza. Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hayo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Kidonda kikishatokea

Dawa ya kwanza ni mapumziko. Hakuna dawa inayoponya kidonda kilicho chini ya tandiko. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita, mara mbili kwa siku, na uwazuie inzi. Usipake oili chafu ya gari, maji ya betri wala majivu ya moto. Kidonda kinachonuka, kinachotoa usaha au kilichofika mfupani kinamhitaji daktari wa mifugo wa kata. Usimrudishe kazini mpaka ngozi imefunga kabisa na punda hasinyai ukimgusa.

Punda jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban miezi 12, apunguziwe kazi na apumzishwe miezi mitatu ya mwisho. Mwanapunda asibebeshwe kitu kabla hajatimiza miaka mitatu, maana mifupa yake bado ni laini, na mzigo kamili usubiri mwaka wa nne.

Wajibu wa kamati na somo la watoto

Kwa kamati za misikiti tunatoa mapendekezo machache, yasiyohitaji mfadhili. Pawepo nguzo za kufungia wanyama mahali penye kivuli cha mchana. Pawepo birika la maji. Katika miji ya Waislamu ya zamani, karibu na sabili za watu palijengwa mabirika ya wanyama, na thawabu ya hilo ni sadaka yenye kuendelea. Kabla ya adhana ya Ijumaa, vijana wawili wasimame nje wawasaidie wanaofika kutua mizigo, maana wengi huacha mzigo mgongoni kwa kukosa mtu wa upande wa pili. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa mavuno, mafundi waitwe waonyeshe jinsi ya kushona mito na mikanda ya kifua.

Kwa wazazi tunasema hivi. Wanaoswaga punda wa maji, mara nyingi, ni watoto wetu, na mtoto hufanya alichokiona. Akiona baba anamchapa punda aliyekwama, atajifunza kwamba aliye chini hupigwa. Mfundisheni mtoto mambo matatu kabla ya kumkabidhi kamba: kupapasa mgongo kwa kiganja, kupima mshipi kwa vidole viwili, na kumtua punda kila anaposimama kwa muda mrefu. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani kukaa juu yao tukizungumza ilhali wamesimama. Mtoto anaweza kulielewa hilo kwa kuambiwa kwamba ukitaka kupiga soga kisimani, kwanza tua madumu.

Mwishowe, tuikumbuke hadithi ya ngamia katika bustani ya Ansari mmoja, iliyopokewa na Abu Daud. Alipomwona Mtume (s.a.w.) alilia, macho yakatiririka machozi. Mtume akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumweleza kwamba ngamia huyu amemshitakia kuwa anamlaza na njaa na kumchosha. Punda wetu hawana tena Mtume wa kumlilia hapa duniani. Wanatuona sisi, umati wake, na siku ya kushitaki iko mbele. Mwenyezi Mungu atujaalie tufike siku hiyo ilhali hakuna mgongo unaotudai. Amin.